Mgongo wa Hajji: nani aguse, nani apime, nani asubiri

Tairi la trela likiwa na rimu yake lina uzito wa kilo 100 hivi. Hajji, dereva anayekaa Malaba upande wa Uganda, alizoea kulinyanyua tangu akiwa taniboi. Safari hii alikuwa na miaka 48, ametoka kukesha kwenye usukani, na tairi likapasuka karibu na Bugiri kabla ya adhuhuri. Alishuka, akainama moja kwa moja bila kujinyoosha, akavuta. Mgongo ukakata. Kufika jioni maumivu yalikuwa yameshuka nyuma ya paja la kulia hadi kwenye unyayo.

Kutoka siku hiyo mpaka aliporudi barabarani ilipita miezi minne. Ukijumlisha dawa, vipimo, nauli na malazi ya Kampala, zilimtoka shilingi milioni mbili hivi, bila kuhesabu safari alizozikosa. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikumnunulia nafuu. Yeye mwenyewe ametaka mambo haya yaandikwe kama yalivyokuwa, pamoja na aibu zake, kwa sababu kila wiki kuna dereva mwingine anayemuuliza, "Hajji, wewe ulienda kwa nani?" Swali hilo lina kasoro. Mtu wa kumwona siku ya kwanza si yule wa wiki ya sita, na wote wawili wanaweza kuwa mafundi wazuri.

Siku ya kwanza alienda duka la dawa. Alichomwa diklofenaki miligramu 75 takoni, akapewa na vidonge vya miligramu 50 vya kumeza mara tatu kwa siku, aanze siku hiyo hiyo. Piga hesabu: 75 na 150 ni 225, na kiwango cha juu cha dawa hiyo kwa siku nzima, kwa njia zote, ni 150. Hajji anameza dawa za presha, jambo ambalo hakuulizwa. Diklofenaki hupandisha presha, hukwangua tumbo, na ikichanganyika na baadhi ya dawa za presha huumiza figo. Vidonge peke yake, baada ya chakula, kwa siku chache, na kwa mtu aliyekwisha kuulizwa kuhusu vidonda vya tumbo, presha na figo, vingetosha. Sindano haina uponyaji wa ziada. Ina hatari yake pia: ikichomwa vibaya, nje ya robo ya juu ya upande wa nje wa tako, inaweza kugonga mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mashariki ya Uganda kuna watoto waliolemaa mguu kwa sindano za kwinini zilizochomwa hivyo. Kwa hiyo ukiambiwa "geuka nikuchome" kwa ajili ya mgongo, una haki ya kusema utameza.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa maswali ambayo hayakuulizwa. Mtu yeyote anayetaka kukugusa mgongo, awe muuza dawa, mkandaji au profesa, lazima kwanza ayaulize haya. Je, mkojo umegoma kutoka, au unavuja bila wewe kujua? Je, kuna ganzi kwenye sehemu zinazokalia tandiko la baiskeli, yaani msamba na sehemu za siri? Je, miguu yote miwili inalegea? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, hiyo ni safari ya hospitali kubwa usiku huo huo. Mishipa ya fahamu ya chini imebanwa, na ikikaa hivyo kwa siku kadhaa huenda mkojo usirudi kuwa wako tena maishani. Hapo usipelekwe kukandwa wala kwa fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Unahitaji daktari wa upasuaji.

Kundi la pili la maswali lina uzito wa pekee kwetu. Una homa za jioni, jasho la usiku, umepungua uzito, maumivu hayapungui hata ukilala? Kifua kikuu hushika pia uti wa mgongo, na mtu anaweza kuwa nacho bila kukohoa hata kidogo. Ukishika mgongo wa namna hiyo na kuupinda, unaweza kuvunja pingili iliyokwisha kuliwa. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi kuna brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, ambao nao hupenda kiuno na nyonga. Mwenye VVU, aliyewahi kutibiwa saratani, aliyetumia vidonge vya steroidi muda mrefu, au mzee aliyeanguka hata kutoka kwenye kiti tu, hao wote wapimwe kwanza ndipo waguswe. Hajji hakuwa na lolote kati ya hayo, lakini alilijua hilo wiki ya saba. Wiki zote zile alilala akiogopa kansa.

Siku ya tano alipelekwa kwa mama mmoja mkandaji anayeheshimika sana mtaani. Hapa watu wa hospitali husema maneno makali kupita kiasi. Kukanda hulegeza misuli iliyojikaza, huleta usingizi, na kwa mgongo uliochoka bila maumivu ya mguuni si njia mbaya ya kutumia shilingi elfu kumi. Hakurudishi diski, ile pedi laini iliyo kati ya pingili, hakunyooshi pingili, na nafuu yake huwa ya saa au siku chache. Mama huyo alimkanda mara tatu kwa samli. Mara ya tatu Hajji akamwambia kwamba maumivu sasa yanafika kwenye kidole kidogo cha mguu. Mama akafuta mikono, akasema, "Hajji, huu si mgongo wangu. Hapa kuna mshipa. Nenda upimwe." Katika wote aliopitia kabla ya wiki ya saba, ni yeye peke yake aliyesema mahali kazi yake inapoishia.

Waunga mifupa, wale ambao Waganda huwaita bayunzi, ni habari nyingine, na kwa kuwa wengi huwachanganya na wakandaji, tulifafanue hili kidogo. Kuna wanaojua kutambua mfupa uliovunjika kwa vidole tu. Tatizo huja kwenye kufunga. Vijiti vikikazwa siku ya kwanza, kiungo kinaendelea kuvimba ndani ya kifungo, damu inakosa njia, na nyama inakufa. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuwa baridi, kuchomachoma na kufa ganzi, na maumivu makali mtu mwingine akivinyoosha. Hapo kata kamba mara moja, usingoje asubuhi, kisha uende hospitali. Inahusu plasta ya hospitali vilevile. Na kiwiko cha mtoto kilichoumia kisikandwe kamwe: kukanda huweza kufanya mfupa uote ndani ya msuli, na mkono ukabaki umepinda.

Hajji alienda "kupimwa", na kupimwa kwa wengi wetu ni eksirei. Kliniki binafsi, shilingi elfu 45, jibu baada ya saa moja: "Nafasi zimepungua, mifupa imeanza kusagika." Eksirei haionyeshi diski wala mshipa wa fahamu. Inaonyesha mfupa, na mfupa wa mtu wa miaka 48 aliyeendesha trela miaka ishirini lazima uwe na alama. Neno "kusagika" lilimuumiza kuliko tairi lenyewe. Aliacha kuinama, akaacha kutembea, akawa anavalishwa viatu na mke wake. Akanunua mkanda wa kiuno, akaufunga mchana na usiku. Misuli ikalala.

Wiki ya nne akapanda basi kwenda Kampala kufanya MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata diski na mishipa, laki sita na nusu. Ripoti ilisema diski kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa sakramu ulio chini yake imetokeza upande wa kulia na kugusa mshipa. Safari hii picha na mwili vilipatana: ganzi upande wa nje wa unyayo, udhaifu wa kujiinua kwa vidole. Ni muhimu visomwe pamoja hivyo, kwa sababu ukiwapiga picha watu wasioumwa kabisa, karibu 30 kati ya 100 wenye miaka 20 watakutwa na diski iliyovimba, na kwa wenye miaka 80 ni 84 kati ya 100. Picha bila uchunguzi wa mguu ni uvumi wa bei ghali. MRI inafaa kuombwa pale jibu lake litakapobadilisha hatua inayofuata: kuna dalili za hatari, mguu unazidi kulegea, au wiki sita zimepita bila nafuu na upasuaji unafikiriwa. Vinginevyo weka laki hizo.

Daktari bingwa aliyemwona alitaja upasuaji. Hakuwa mwongo. Kwa maumivu ya mguu yanayotokana na diski, upasuaji huleta nafuu haraka zaidi. Ambacho Hajji hakuambiwa ni kwamba utafiti uliolinganisha waliopasuliwa mapema na waliosubiri ulikuta baada ya mwaka mmoja hali zao zinakaribiana, na kwamba diski nyingi zilizotokeza hunywea zenyewe. Swali la kumuuliza bingwa ni hili: "Nikisubiri wiki sita nikifanya mazoezi, ninahatarisha nini?" Ikiwa mguu unalegea zaidi kila wiki, jibu litakuwa kali, nawe mtii. Ikiwa ni maumivu tu, utapata muda.

Hajji hakuuliza. Aliogopa kisu, akakimbilia mlango mwingine: kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti kwa mikono, iliyoanzia Marekani mwaka 1895. Kwa mgongo wa kawaida usio na maumivu ya mguu, kunyooshwa kunasaidia kiasi kile kile mazoezi yanavyosaidia, si zaidi. Ule mlio wa "ta!" ni hewa iliyomo ndani ya maji ya kiungo. Hakuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudishwa. Mahali alipokwenda, ambapo sipataji, aliuziwa vipindi 24 kwa mkupuo, laki tisa taslimu, kabla hajavuliwa shati. Alivimaliza 7. Baada ya kila kipindi alitoka mwepesi, na kufika usiku maumivu yalikuwa yamerudi unyayoni. Fedha ya vipindi 17 haikurudi. Sheria ninayoiamini: usilipe zaidi ya kipindi kimoja kwa wakati, kwa mtu yeyote, wa taaluma yoyote. Na shingo isikunjwe kwa ghafla. Mara chache sana, lakini hutokea, mshipa wa damu unaopanda ubongoni huchanika.

Wiki ya saba alichoka na fedha ikaisha, na hicho ndicho kilichompeleka hospitali ya rufaa ya Mbale. Tangu mwaka 2001 hospitali za serikali hazitozi ada ya matibabu, isipokuwa kwenye sehemu za kulipia. Unalipa nauli, subira, na mara nyingine vifaa vilivyokosekana. Fika mapema siku ya kazi, uwe na barua kutoka hospitali ya wilaya au kituo cha daraja la nne, na ubebe daftari. Daftari lile la shule la kurasa 48 ambalo kila mgonjwa wa Uganda analijua: tumia moja tu. Hajji alikuwa na matatu na karatasi huru ndani ya mfuko wa plastiki, na nusu saa ya kwanza iliishia kuyapanga.

Hapa kuna watu wawili ambao wengi huwachanganya. Ofisa wa mifupa amesomea kufunga plasta, kurudisha viungo vilivyoteguka na kuamua nani apande kwa bingwa, na ndiye pia anayenyoosha miguu ya watoto waliozaliwa na kifundo kilichopinda, kwa plasta za kila wiki. Mtaalamu wa fiziotherapia anashughulikia mwendo: nguvu, kunyooka, kurudi kazini. Wote wawili husajiliwa na Allied Health Professionals Council, na leseni huhuishwa kila mwaka. Kwenye kliniki binafsi iangalie ukutani, usome mwaka. Daktari husajiliwa na Uganda Medical and Dental Practitioners Council. Waganga wa jadi nao wana sheria yao ya mwaka 2019. Kiungo chochote kilichovimba ghafla, chenye moto na homa, kisianzie kwa yeyote kati ya hao wa mazoezi: ni usaha mpaka ithibitike vinginevyo, daktari siku hiyo hiyo. Na vidole vya mikono vinavyokakamaa asubuhi zaidi ya saa moja kwa wiki kadhaa vinaashiria baridi yabisi, ambayo hukandwi wala kufanyishwa mazoezi ikapona. Inataka dawa mapema, kwa bingwa wa magonjwa ya ndani.

Fizio wa Mbale, binti mdogo ambaye Hajji alimwita "mwanangu" mpaka mwisho, hakumgusa kwa dakika ishirini za mwanzo. Aliuliza yale maswali yote, hata la mkojo. Hajji aliona haya, akajibu akitazama dirisha. Kisha akampima: mguu wa kulia ukiwa umenyooka ulipanda digrii 35 tu kabla ya kuuma. Kujiinua kwa vidole vya mguu mmoja, wa kushoto mara 20, wa kulia mara 6. Namba hizo ziliandikwa daftarini. Halafu akasema maneno ambayo hakuna aliyekuwa ameyasema: "Baba, hapa hakuna kansa. Mgongo wako haujasagika. Mshipa umekasirika, nao unapoa."

Hatua ya kwanza: kulala kifudifudi, kujiinua kwa viwiko dakika mbili, kisha kusukuma kifua juu kwa mikono huku nyonga zikibaki chini, mara 10, kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho. Alama ya kufuata ilikuwa mahali pa maumivu, wala si ukubwa wake. Yakitoka unyayoni na kupanda kuelekea kiunoni, endelea hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakishuka mguuni, acha na urudi upimwe. Si kila mgongo unaopenda kunyooshwa nyuma. Mwenye njia ya uti iliyokuwa nyembamba, kawaida mtu mzima sana anayepata nafuu akikaa au kuinama, huumia zaidi kwa zoezi hilo. Ndiyo maana zoezi la jirani halikopeshwi. Pamoja na hilo, kutembea dakika 10 mara tatu kwa siku, na mkanda wa kiuno ubaki nyumbani.

Wiki ya tatu ya mazoezi, maumivu yalikuwa kwenye paja tu. Zikaongezwa nguvu: kulala chali na kunyanyua nyonga, mafungu matatu ya mara 10, kupiga magoti na mikono chini, kunyoosha mkono na mguu wa upande wa pili, kushikilia sekunde 5 hadi 8. Maumivu ya 3 au 4 kati ya 10 wakati wa zoezi yaliruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yawe yametulia. Wiki ya sita ikaingia jerikeni: lita 5, wiki iliyofuata lita 10, mwisho lita 20, nyonga zikienda nyuma, jerikeni likiwa karibu na miguu. Hakuna mashine hapo. Taa nyekundu na vifaa vya umeme vina joto zuri na nafuu fupi, na kliniki inayokulaza chini yake nusu saa kila mara bila kukupa kazi ya nyumbani inakukodisha kitanda.

Kosa la mwisho lilikuwa la Hajji mwenyewe. Maumivu yalipobaki kidogo, aliacha mazoezi siku kumi, akaenda Kampala na kurudi. Mguu ukaanza kuchoma tena. Binti hakumgombeza. Alimpima: kujiinua kwa vidole kulikuwa kumefika 15, na hakukushuka. "Umeteleza, hukuanguka, baba." Alirudi kwenye zoezi la kwanza kwa siku nne, kisha akaendelea alipoishia. Jumla alionwa mara sita katika wiki tisa, na siku ya kwanza kabisa alikuwa ameambiwa ingekuwa kati ya mara tano na nane. Akifika 20 kwa mguu wa kulia na jerikeni la lita 20 bila maumivu ya mguu, ameachiliwa. Akaachiliwa.

Kwenye gari mambo yalibadilika kidogo tu. Pochi imetoka mfuko wa nyuma. Kiti kimepandishwa mpaka magoti yasizidi kimo cha nyonga, na kimesogezwa mbele ili mguu wa kulia usijinyooshe kufuata breki. Kila saa mbili anashuka, anatembea dakika tano, anajinyoosha nyuma mara kumi, mikono kiunoni. Baada ya kuendesha muda mrefu hanyanyui chochote kizito kwa dakika kumi za kwanza. Tairi sasa linasukumwa kwa ubao na mtaimbo, watu wawili.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una maagizo ya siku mgongo utakaporudi, kwa sababu migongo hurudi: Panadol ikibidi, zoezi la kwanza kila saa tatu, kutembea, kutolala kitandani zaidi ya siku mbili. Wiki mbili bila nafuu, au mguu ukilegea, arudi Mbale. Mkojo ukigoma, hospitali iliyo karibu, usiku huo huo. Hajji amelipiga picha kwa simu, na taniboi wake naye anayo.